Pantoni ya Kwenda Ocracoke

"Handaki halipitishi mitungi ya gesi," Royce alisema, akaweka kidole chake kinene katikati ya ramani. "Gari lenye jiko la gesi haliruhusiwi kupita chini ya bahari. Hapo njia yako imekufa, mke wangu."

Glenda Kistler alikiinua kile kidole taratibu, kama mtu anayeondoa nzi juu ya mkate, akaendelea kuchora na kalamu yake nyekundu. Mstari ulitoka nyumbani kwao Reading, Pennsylvania, ukateremka hadi Cape May, ukapanda pantoni kuvuka ghuba mpaka Delaware, ukaifuata rasi yote hadi pale daraja refu linapoingia baharini, likazama likawa handaki, likaibuka likawa daraja, likazama tena, likatokea Virginia. Kutoka hapo mstari ulikwenda kusini kwenye visiwa vya mchanga vya Carolina, ukakoma kwenye pantoni ya mwisho, ile ya kwenda kisiwa cha Ocracoke.

"Kesho nitawapigia watu wa handaki niwaulize," akasema.

"Na mimi pantoni zinanitapisha," akadakia Yvonne Bixler kutoka upande wa pili wa meza, kisu cha pai mkononi. "Shoga, si unanijua? Hata bembea inanitapisha. Twendeni milimani. Misitu, mito midogo, hakuna cha kuvuka."

"Yvonne ana hoja," Royce akasema.

Hapo kalamu ya Glenda ikasimama.

Miaka yote ambayo akina Bixler wameishi nyumba ya ng'ambo ya barabara, Glenda hakuwahi kusikia maneno hayo yakitoka kinywani mwa mumewe. Royce na Yvonne walikuwa paka na panya. Royce alishangilia timu ya Philadelphia, Yvonne kazaliwa karibu na Pittsburgh, na kila sikukuu ya Shukrani Glenda alilazimika kuwakalisha ncha mbili za meza ili bata mzinga aliwe kwa amani. Leo wamekubaliana.

Emmett, mume wa Yvonne, mzee mpole aliyestaafu kazi ya kusambaza barua, alikuwa anakula pai yake huku akitazama dirishani. Alipoulizwa yeye anapendelea wapi, alisema popote watakapompeleka.

Glenda alifanya kazi miaka mingi kwenye bohari ya malori, yeye ndiye aliyewapangia madereva njia zao. Kazi ile ilimfundisha jambo moja: dereva akiikataa njia kwa sababu mbili siku moja, sababu ya kweli ni ya tatu. Lakini wale walikuwa madereva. Hawa walikuwa mume wake na shoga yake. Akakunja ramani, akawaongezea kahawa.

Safari yenyewe haikuwa mchezo kwake. Lile gari-nyumba lililoegeshwa uani, lenye vitanda viwili, jiko dogo na mapazia ya maua, lilinunuliwa kwa fungu lake la nyumba ya marehemu mama yake. Mama alifia Youngstown, Ohio, vuli iliyopita, na Glenda alikuwa kando ya kitanda chake vuli nzima. Siku moja, sauti ikiwa imebaki kama karatasi, mama alimwambia kwamba maisha yake yote alikuwa akisubiri msimu mzuri wa kwenda kuona bahari, na misimu ikaisha. Glenda alipomaliza mazishi alirudi nyumbani na kumwambia Royce kwamba wao hawatasubiri. Royce alimkumbatia. Alimwambia wataenda popote atakapotaka.

Popote, sasa, palikuwa milimani.

Kesho yake mchana Glenda aliwapigia watu wa daraja. Mwanamke aliyepokea alimweleza kwa upole kwamba magari-nyumba yanapita kila siku. Cha muhimu mitungi isizidi kiasi, na koki ifungwe kabla ya kuingia. Glenda akamshukuru, akaandika neno "koki" pembeni mwa ramani. Kisha, kwa kuwa simu ilikuwa bado mkononi na moyo umechangamka, akapiga namba ya kambi ya wasafiri ya Ocracoke ili aulize kama mwezi wa tano watapata nafasi.

Aliyepokea ni mama mwenye kambi, bibi mmoja aitwaye Odessa, sauti kavu na yenye ucheshi ya watu wa visiwani.

"Jina nani, mwanangu?"

"Kistler. Tunatokea Reading."

"Kistler." Bibi Odessa akacheka. "Kistler wa yule mbwa mwenye sikio moja jeupe? Anaitwa Pretzel, kama ile mikate yenu ya chumvi."

Pretzel alikuwa amelala miguuni pa Glenda. Aliposikia jina lake likitoka kwenye simu aliinua lile sikio jeupe.

"Ndiye huyo," Glenda akasema.

"Basi karibuni tena. Niambie, mguu umepona?"

Madereva walipokuwa wakijikanyaga redioni, Glenda alikuwa na tabia ya kunyamaza na kuwaacha waseme. Mdomo wake ukafanya kazi hiyo wenyewe, yeye hata hayupo.

"Umepona," akasema.

"Mungu mkubwa. Siku ile ulipoingiza mguu kwenye shimo la kaa tulisikia yowe mpaka jikoni kwangu. Na mumeo akakubeba, mwanangu. Kutoka ufukweni, kupanda vilima vyote vile vya mchanga, mpaka kwenye kigari chenu, mbwa anabweka nyuma. Sisi wanawake wa hapa tulilizungumza hilo msimu mzima wa baridi. Wangu mimi hata gunia la viazi hanibebei."

"Ilikuwa lini vile, bibi? Siku zinanipotea."

"Mwishoni mwa mwezi wa kumi. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nachonga maboga, nikampa mbwa wenu kipande."

Glenda aliweka nafasi. Alipokata simu alibaki amesimama, mkono mmoja juu ya friji kama mtu aliye ndani ya basi.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi alikuwa Youngstown akimlowanisha mama yake midomo kwa pamba. Royce alisema yuko milimani kuwinda paa, kaazima kigari cha kulala cha kaka yake, kamchukua na Pretzel, na huko mtandao hakuna. Yvonne alisema anakwenda kwa dada yake Scranton. Akarudi na mguu ndani ya plasta. Kaanguka kwenye ngazi za nyuma za dada yake, alisema.

Na Glenda, ambaye nguo yake ya msiba ilikuwa bado haijafuliwa, akapika supu ya kuku na mahindi, ile ya kwao, na kila siku akaivusha barabara na sufuria mikononi. Alimwekea Yvonne mto chini ya mguu. Alimkuna chini ya plasta kwa sindano ya kufumia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wangemjua Yvonne wangeongeza: na kijiko chako anacho.

Akachukua simu, akaandika ujumbe.

*Shoga, ule mguu wako ulivunjikia wapi vile?*

Jibu halikukawia.

*Kwa dada, Scranton, si unajua. Zile ngazi za nyuma. Kwa nini?*

*Nafikiria ngazi za gari. Nisije nikakuangusha.*

*Wewe nawe kwa kunijali! Nakupenda.* Na vimoyo vyekundu chini yake.

Glenda alitoka nje, akapanda kwenye gari-nyumba, akaketi kiti cha dereva na mikono juu ya usukani. Alikaa hapo mpaka Royce aliporudi kutoka dukani na kumuuliza kupitia kioo anafanya nini.

"Nazoea kiti," akasema.

Kwa nini hakumvaa palepale? Jirani zake baadaye walimuuliza hivyo. Glenda alimjua mumewe. Angemuuliza jikoni, Royce angetoka kwenda gereji. Angemuuliza Yvonne, Yvonne angevuka barabara na kufunga mlango wake. Kila mmoja angepata mahali pa kukaa na kuusuka uongo wake vizuri. Pantoni haina gereji. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu: alitaka kwanza aende. Alitaka bahari ambayo mama yake hakuiona, na alitaka kuiona kama mke wa Royce, hata kama ni kwa siku chache za uongo.

Kwa hiyo jioni ile aliwaambia wote kwamba amepunguza njia. Watavuka pantoni ile ya kwanza, watapita daraja na handaki maana gesi inaruhusiwa, halafu safari itakomea Hatteras, upande wa huku. Ocracoke hawavuki. Yvonne asije akatapika bure.

Royce akashusha mabega. Akasema hiyo ndiyo mipango ya watu wazima. Yvonne akambusu Glenda shavuni. Emmett peke yake alimtazama kwa muda, kisha akashusha macho kwenye sahani.

Mwezi wa tano wakaondoka. Kwenye pantoni ya Cape May mawimbi yalikuwa makubwa kidogo, na Yvonne ambaye bembea humtapisha alikula soseji mbili sitahani, za haradali, akalamba vidole. Delaware walilala chini ya misonobari. Royce alichoma nyama, akapiga soga, akamwita Glenda nahodha. Usiku alimshika mkono kama zamani. Glenda akauacha mkono wake hapo.

Walipofika darajani Royce ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Kabla hata ya kufika kwenye kibanda cha malipo alisimama pembeni, akateremka bila kuambiwa, akalizunguka gari, akafunga koki. Askari alipofungua mdomo, Royce akamjibu kabla hajaulizwa: mitungi miwili, imefungwa yote. Akasema kwa wepesi wa mtu aliyewahi kuulizwa.

Wakaingia baharini. Maji kushoto, maji kulia, barabara nyembamba kama uzi. Halafu mdomo wa handaki ukawameza, na kwenye mwanga ule wa manjano Glenda akamgeukia mumewe. Royce alikuwa anapiga mluzi kidogo kidogo, mvi zake zimesimama kwa upepo, kitambi chake kimegusa usukani. Alimpenda bado. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Alidhani uongo ukijulikana mapenzi hukatika kama umeme, kumbe yanabaki yanawaka na hakuna wa kuyazima.

Asubuhi waliyoamka Hatteras ilikuwa zamu ya Glenda kuendesha. Walikuwa wamekubaliana watarudi kaskazini kidogo, wakaone mnara wa taa. Alitoka kambini, akafika barabarani, akakata kusini. Royce alikuwa anakunywa kahawa nyuma, hakuona. Alipoona, magari yalikuwa tayari yamewafunga mbele na nyuma, na kijana mwenye koti la kung'aa anawaashiria wapande.

"Glenda. Tulikubaliana hatuvuki."

"Haina nauli, Royce. Mtu anakataaje cha bure?"

"Yvonne atatapika."

"Atapike."

Pantoni ikang'oa nanga. Royce akafungua mlango, akateremka, akaenda kusimama ukingoni, amewapa mgongo. Yvonne alirudi kwenye kitanda cha nyuma akavuta pazia la maua, akasema kichwa kinamzunguka. Mbele wakabaki Glenda na Emmett, na Pretzel katikati yao. Nje ndege wa baharini wenye midomo mirefu walikuwa wanapita chini chini juu ya maji.

Glenda alikuwa amepanga aseme mbele ya wote, pale kambini, Bibi Odessa atakapomkumbatia Yvonne na kumuulizia mguu. Aliuonja mpango huo wiki nyingi. Lakini alipomtazama Emmett, shati lake limefungwa mpaka kifungo cha juu kama mtu anayekwenda kanisani, aliona hastahili kuyapata hayo mbele ya watu.

"Shem," akasema, "kuna jambo lazima ulisikie kwangu kabla hatujafika."

"La mwezi wa kumi," Emmett akasema.

Glenda akageuka.

"Unajua."

"Tangu Krismasi. Aliniambia mwenyewe."

"Na ukakaa mezani kwangu. Ukala pai yangu."

"Nilikula." Emmett alikuwa anakisugua kifungo cha shati. "Aliniapia yamekwisha. Nikaona nikinyamaza yatakwisha kweli. Ningekuambia, Glenda, ungeivunja nyumba yako. Na nyumba yako ikivunjika Royce anakuwa huru, na Yvonne angemfuata. Ninamjua mke wangu. Nilikuwa nalinda kilicho changu."

"Kwa kutumia changu."

Emmett akakiachia kifungo. Machozi yakamjaa, na Glenda, ambaye muda mfupi uliopita alimwonea huruma, akashangaa kwamba huruma yenyewe haionekani ilipokwenda. Kumbe meza nzima ilijua. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa anapanga safari.

Pazia likavutwa. Yvonne alisimama pale nyuma, soksi miguuni, uso umeiva.

"Nimesikia," akasema.

"Vizuri. Umenipunguzia maneno."

"Shoga, naomba unisikilize. Nilitaka kukuambia. Siku ile ya kwanza ulipoleta supu, umevaa yale mavazi ya msiba, nilifungua mdomo nikuambie."

"Ukafungua mdomo."

"Ndiyo."

"Ukala."

Yvonne akaketi kwenye ukingo wa kitanda kama mtu aliyesukumwa.

"Nikala," akasema.

"Ungeniambia hata baada ya kushiba."

Glenda akafungua mlango, akateremka sitahani. Upepo ulikuwa na chumvi na harufu ya dizeli. Watu walikuwa wanapigana picha kati ya magari. Alipita katikati yao akaenda akasimama kando ya Royce, akashika chuma cha ukingo, baridi kama bomba. Royce hakugeuka.

"Kambi ya Bibi Odessa," Glenda akasema. "Nimeweka nafasi. Anakusalimu."

Royce akafumba macho.

"Nani amekuambia?"

"Yeye. Alidhani anaongea na mkeo."

"Glenda, ilikuwa..." Akaanza upya. "Wewe ulikuwa Ohio. Muda wote ule. Nikipiga simu, mama kalala, mama kaamka, mama hali. Nyumba ilikuwa kimya. Yvonne alikuja kuazima ngazi, tukaongea. Sikupanga."

"Uliazima kigari cha kaka yako. Ukapakia na mbwa. Hukupanga?"

"Sikupanga mwanzo wake."

"Mimi nilikuwa namfumba mama yangu macho, Royce. Nilikupigia siku ile. Simu ilikuwa haipatikani. Nikamwambia muuguzi, mume wangu yuko milimani, huko hakuna mtandao, akisikia atakuja mbio. Nilikutetea kwa muuguzi."

Royce alikuwa analia sasa, kwa namna ya wanaume wa kwao, uso hauna mabadiliko, maji tu yanashuka. Alisema ilikuwa mara ile moja, na wiki chache baadaye, basi. Alisema alikoma kwa sababu alipomwona anavusha sufuria barabarani alijiona si mtu. Alisema alikuwa tayari kwa adhabu yoyote, isipokuwa kuachwa.

Glenda alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisiwa kilikwisha anza kuonekana mbele, mstari wa mchanga na nyasi.

"Nina swali moja," akasema. "Alipovunjika mguu, ulimbeba?"

"Nini?"

"Kutoka ufukweni mpaka kwenye kigari. Ulimbeba mikononi?"

Royce alimtazama kama asiyeelewa kwa nini, katika yote, aulizwe hilo.

"Nilimbeba," akasema.

Glenda akatikisa kichwa kukubali. Mambo ya kitandani alikuwa ameshayawaza akayamaliza, yalimuuma kama kidonda kinavyouma. Hili lilimuuma mahali pengine. Mama yake alipokuwa haamki tena, Glenda ndiye aliyekuwa akimbeba peke yake kutoka kitandani kwenda bafuni, mgongo unalia, akijisemea laiti Royce angekuwepo. Mikono ile ilikuwepo. Ilikuwa na kazi.

"Basi," akasema, akaondoka ukingoni.

Pantoni ilipogusa gati aliendesha gari-nyumba taratibu, akapita kibanda cha walinzi, akaegesha kando kwenye changarawe. Akazima injini. Akaingia nyuma, akatoa begi la Royce, la Yvonne na la Emmett, moja moja, akayapanga chini kwa adabu, kama mhudumu wa hoteli.

"Inarudi sasa hivi," akasema. "Mtawahi."

"Glenda, hatuna gari upande ule," Royce akasema. "Twende kambini, tukae chini, tuzungumze kama watu."

"Tulikaa chini jikoni kwangu. Mkaniambia gesi hairuhusiwi."

"Hili gari ni letu sote wawili."

"Hili gari ni nyumba ya mama yangu, na mama yangu hukumzika vizuri. Ulifika siku ya mwisho, umeungua na jua. Nikasema masikini, milimani jua kali."

Yvonne alikwisha kuchukua begi lake, alikuwa anatazama chini. Emmett alibaki amesimama karibu na mlango, kofia mkononi.

"Na mimi pia, shem?" akauliza taratibu. "Mimi sikufanya kitu."

"Ndiyo maana," Glenda akasema. "Na wewe teremka."

Aliwatazama wakirudi kwenye pantoni kwa miguu, watatu, wakiburuza mabegi kwenye changarawe, hakuna anayetembea karibu na mwenzake. Pretzel akanung'unika, Glenda akamshika ukosi, akamzuia. Mlango wa pantoni ukapandishwa. Ndipo akaingia ndani, akafunga mapazia, akalia mpaka kifua kikauma.

Bibi Odessa alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alitoka ofisini akipangusa mikono, akamwona mbwa kwanza, akatabasamu. Akamwona Glenda, tabasamu likakwama. Alimtazama miguu, akamtazama uso. Wanawake wa umri ule hawahitaji kuchorewa.

"Ee Mungu wangu," akasema polepole. "Mwanangu, kwenye simu nilikuwa naongea na nani?"

"Na mimi. Mimi ndiye Bibi Kistler."

"Mdomo wangu huu. Nisamehe."

"Usiombe samahani," Glenda akamwambia. "Watu wanne walijua, bibi. Wewe peke yako uliniambia, na wewe ndiye uliyekuwa hunijui."

Alikaa kisiwani siku nyingi kuliko alivyopanga. Alivua viatu akaingia majini mpaka magotini, akamsimulia mama yake bahari ilivyo, kwa sauti, watu wakimwona wakamwona. Kurudi, hakupitia Hatteras. Alipanda pantoni nyingine inayokwenda bara, safari ndefu, akakaa sitahani njia nzima.

Wale watatu, kama ilivyokuja kujulikana mtaani, walikosa usafiri Hatteras, wakaomba lifti ya gari la samaki, mwisho wakakodi kigari kidogo, Emmett akaendesha mpaka Pennsylvania bila kufungua mdomo, Royce kiti cha mbele, Yvonne nyuma na mabegi. Kabla ya majira ya joto kwisha akina Bixler waliuza nyumba yao wakahamia Scranton. Walikwenda pamoja. Kama Emmett alipata alichokuwa anakilinda, anajua mwenyewe. Yvonne alimtumia Glenda ujumbe mrefu, na baada yake mwingine mrefu zaidi. Glenda aliusoma wa kwanza mpaka mwisho. Wa pili hakuufungua.

Royce alihamia chumba cha juu ya gereji ya kaka yake. Alituma maua, akatuma binamu, akatuma mchungaji. Majani yalipoanza kuwa mekundu alikuja mwenyewe, mchana, amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Glenda alimfungulia mlango lakini hakumkaribisha ndani. Karatasi za talaka zilikuwa kwa wakili, zinangoja sahihi ya Glenda tu, na wote wawili walilijua hilo.

Royce alisema amekoma. Alisema hajamwona Yvonne wala hajui namba yake. Alisema miaka waliyoishi pamoja ni mingi kuliko wiki alizokosea, na kama kuna mizani yoyote ya haki, zipimwe. Glenda aliyasikia yote, na moyo wake, usio na aibu, ukamsogelea.

"Nikuulize, Royce. Ningekuwa sikupiga simu ile, ungeniambia lini?"

Royce alifungua mdomo. Alikuwa na jibu tayari, Glenda aliliona limekaa pale mdomoni, limevalishwa vizuri. Kisha akalimeza. Akatazama viatu vyake, akamtazama mkewe.

"Nisingekuambia," akasema. "Kamwe."

Gari la takataka lilipita mtaani, likasimama, likaondoka.

"Asante," Glenda akasema, na alikuwa anamaanisha. "Sasa nimeongea na wewe."

Akamshika mkono kidogo, akauachia. Akafunga mlango pole pole, akaenda kutafuta miwani yake, akapiga simu kwa wakili kusema anakuja.